Mama Mkwe wa Kiwandani

Kabla hujanihukumu, jua kwanza kwamba goti langu la kulia ni bovu. Miaka kumi na tisa nilikizunguka kiwanda cha samani cha akina Pak Yudanto, hapa Jepara, kisiwani Java, kwa miguu: uwanja wa magogo, tanuri la kukaushia mbao, maseremala, wachongaji, wapiga msasa, chumba cha kufungia mizigo, kisha narudi nilikoanzia kwa sababu kuna mtu amesahau jambo. Nilianza kama mpiga msasa nikaishia meneja wa uzalishaji, na cheo kilipopanda goti liliteremka. Nilikuwa nachechemea kama bata.

Kwa hiyo Pak Yudanto aliporithi kiwanda na kutuletea mfumo wa kompyuta, mimi Umiyatun nilikuwa wa kwanza kuupenda. Sitaki kudanganya sasa kwa kuwa mambo yameharibika. Niliupenda sana. Kila mkuu wa karakana alipewa simu. Mimi nilipewa kioo kipana cha kompyuta, kiti cha magurudumu na chumba chenye kiyoyozi. Nikitaka kujua jambo naandika swali nikiwa nimekaa, na mkuu wa karakana anabonyeza kimoja kati ya vitufe viwili. Cha kijani kimeandikwa NAWEZA. Chekundu kimeandikwa BADO. Kila swali lililojibiwa liliniongezea alama, na kila ujumbe niliochelewa kuujibu kwa zaidi ya dakika tatu ulinipunguzia. Goti likapumzika. Nikawa nafika nyumbani mapema nakula na mama yangu chakula kikiwa bado cha moto.

Wanawake wa msasa, ambao ndimi zao zinakwangua kuliko msasa wenyewe, waliubatiza mfumo ule Mama Mkwe.

"Hasinzii, haridhiki, na anajua saa uliyokwenda chooni," alisema Yu Sukesi, dada Sukesi kwa adabu ya kwetu, mkubwa wao. "Mama mkwe wangu wa kwanza alikuwa hivyohivyo, ila yule angalau alikufa."

"Yu, acha mdomo. Kazi imerahisika," nilimwambia.

"Kwako, Bu," akanijibu; kwetu Bu ni mama, kama Pak ni baba. "Alama zako ngapi leo?"

"Tisini na saba."

"Mashallah. Ukiongeza moja utaota magurudumu na wewe."

Nilicheka. Nilikuwa meneja wa kwanza kwa alama katika viwanda vyote vitatu vya Pak Yudanto, na mtu mwenye tisini na saba anaweza kumudu kucheka.

Sasa nikueleze kuhusu nggih, maana hapo ndipo nilipojikwaa. Nggih ni ndiyo ya heshima, ndiyo unayompa mkubwa wako. Lakini mtu aliyekulia kwetu anajua kwamba nggih si moja. Kuna nggih fupi, mtu anaisema huku miguu imeshaanza kwenda: hiyo ni kweli, kazi itafanyika. Kuna nggih ndefu yenye macho sakafuni, maana yake nimekusikia, lakini jambo lenyewe lina matatizo, niulize tena polepole. Kuna nggih nggih, mbili mfululizo: hilo halifanyiki hata kwa dawa. Na kuna nggih yenye kicheko kidogo puani, inayosema umepotewa na akili, Bu, lakini wewe ndiye mkubwa. Miaka kumi na tisa nilizisoma zote usoni mwa watu, na wala sikujua kwamba ndiyo kazi niliyokuwa nalipwa kuifanya. Nilidhani nalipwa kwa kutembea.

Kwenye simu, nggih zote zinaandikwa herufi zilezile.

Na kile kitufe chekundu? Katika miezi saba kilibonyezwa mara moja tu. Kidole gumba cha Yu Sukesi kiliteleza, naye alikuja mbio ofisini, aproni imejaa vumbi, kuniomba radhi. Nani kwetu anamjibu mkubwa wake BADO, tena kwa rangi nyekundu? Ningepaswa kujiuliza hilo. Sikujiuliza. Niliona kioo chote kijani kama shamba la mpunga na nikafurahi.

Oda ilikuja mwezi wa mvua: viti vya kulia mia tatu na ishirini, vya mtiki, vya mnunuzi wa ng'ambo. Tarehe ya meli ilikuwa imebana. Mbao zetu hukaa tanurini siku kumi na nane. Nilikaa nikapiga hesabu mbele ya kioo, nikaona zikitoka siku ya kumi na mbili tutawahi bila kukimbizana. Jumatatu asubuhi nikamwandikia mkuu wa tanuri, Kang Tarmuji: "Kang, mbao za viti zitoke Alhamisi hii. Inawezekana?"

Haikupita dakika. Kijani. Chini yake akaandika: "Nggih, Bu."

Kang Tarmuji amekaa na tanuri lile miaka ishirini na sita, tangu enzi za baba yake Pak Yudanto. Akishika ubao, akiugonga kwa kifundo cha kidole na kuunusa, anakuambia una maji kiasi gani, na kipimo kikija baadaye kinamuunga mkono. Ni mtu wa maneno machache. Mimi humwita Kang, kaka, ingawa ni mdogo kwangu kwa cheo, kwa sababu ni mkubwa kwa umri na kwa sababu nilipoanza kazi yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kushika msasa bila kuchubuka mikono. Mtu huyo akiniambia nggih, mimi ni nani hata nitilie shaka?

Alhamisi mbao zikatoka. Maseremala wakachonga ndimi na matundu ya kuungia, wakatia gundi, wakaunga. Viti vilipendeza. Vikaingia chumba cha kufungia mizigo, ambako tuna mashine ya kufyonza unyevu ili samani zisiote ukungu melini.

Yu Sukesi ndiye aliyekuja kuniita siku ya nne.

"Bu, njoo. Viti vinaongea."

"Vinaongea nini?"

"Njoo usikilize mwenyewe, hiyo huwezi kuandikiwa."

Nilikwenda. Chumba kilikuwa kimya, na ndani ya ukimya ule nikasikia: tik. Halafu kule nyuma: tik, tik. Mbao zilikuwa zinakauka zikiwa zimeshaungwa, zikivutana, na miguu ya nyuma ilikuwa inapasuka mmoja baada ya mwingine. Tulisimama wawili tukisikiliza. Tulipomaliza kuvihesabu, viti mia mbili na kumi na kimoja vilikuwa na nyufa, na wakala wa mnunuzi alipofika kukagua hakuvua hata koti lake la mvua. Aligeuka akarudi mjini Semarang.

Pak Yudanto hakupiga kelele. Hajawahi kupiga kelele, huyo, tangu akiwa mtoto niliyekuwa namtoa kwenye marundo ya maranda. Alinipigia simu kwa sauti yake ya upole, akinitaja kwa heshima ya kwetu kana kwamba Bu ni mtu mwingine.

"Bu Umi, mnunuzi anataka ripoti Ijumaa. Anataka chanzo, na jina la aliyesababisha, na hatua tuliyochukua. Nimeangalia kwenye mfumo. Bu aliuliza, Pak Tarmuji akajibu anaweza. Iko wazi kabisa."

"Nggih, Pak."

"Nasikitika, lakini itabidi tuachane naye. Bu tafadhali aandike ripoti."

Nilimfuata Kang Tarmuji tanurini, kwa miguu, goti likilalamika, na nilikuwa na hasira. Naomba ulielewe hilo. Nilijiona nimesalitiwa.

"Kang, kwa nini ulibonyeza kijani?"

"Nggih, Bu. Kosa langu."

"Kosa lako, najua ni kosa lako! Mbao zilikuwa mbichi na ulijua. Kwa nini hukuja kuniambia?"

Aliangalia kandambili zake. "Nggih," akasema.

"Nggih nini? Ningekufukuza kwa kuniambia ubao una maji? Miaka yote hii, mimi na wewe?"

Aliokota kijiti akaanza kukwangua tope kwenye kizingiti cha tanuri, taratibu, mpaka nikachoka kumtazama nikaondoka.

Basi nikarudi ofisini kuandika ripoti, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kukamilisha mambo, nikataka ikamilike. Mama Mkwe alikuwa na macho pia: kamera kila mlango, kwa ajili ya mahudhurio, na picha zake hukaa siku sitini. Nikasema nitatafuta siku zile tatu, Jumatatu hadi Jumatano, niambatanishe ushahidi kwamba mkuu wa tanuri hakukanyaga ofisini kwangu. Nilitafuta ili nimmalize, huo ndio ukweli wake.

Jumatatu, saa tano kasorobo, robo saa tu baada ya kubonyeza kitufe: Kang Tarmuji anatokea mlangoni pangu. Mlango uko wazi. Amevua kofia. Anasimama kwa adabu, mikono imekutana mbele, kama tunavyosimama sote tukisubiri mkubwa atuone. Mimi niko ndani ya picha, upande wa kushoto, uso kwenye kioo, vidole vinakimbia. Dakika nne. Nainua kidole kimoja bila kugeuka, na midomo yangu inasema kitu. Kamera haina sauti, lakini nilijua nilichosema, maana nilikuwa namwambia kila mtu: andika kwenye simu. Anainama kidogo, anaondoka.

Jumanne, mchana. Dakika saba. Kidole.

Jumatano alikuja na kipande cha ubao. Alikishika kifuani kwa mikono miwili. Alisimama dakika kumi na moja. Mara mbili alifungua mdomo akaufunga. Mara moja alipiga hatua ndani, akairudisha nyuma. Safari hii hata kidole sikuinua. Mwishowe alikiweka kile kipande juu ya benchi la mlangoni, akakisogeza kidogo kukielekeza upande wangu, akavaa kofia yake akaenda. Baada ya muda mwanamke wa usafi akapita, akakiokota, akakichomeka chini ya mlango ili usijifunge na upepo.

Niligeuza kiti. Kilikuwa palepale. Karibu mwezi mzima nilikuwa nakipita nikiingia na kutoka. Niliinama nikakivuta. Kilikuwa kimejipinda kama ganda la ndizi, na ufa umekatiza katikati.

Kioo kiliendelea kulia ti-ti, ujumbe juu ya ujumbe, dakika tatu zikipita na alama zikidondoka. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe. Siku zile tatu nilijibu ujumbe mia nne na zaidi. Mmoja ulikuwa wa mlinzi akiuliza kama anaweza kununua ufagio. Nilimjibu ndani ya sekunde ishirini.

Nilichukua picha zile na ubao ule nikampelekea Pak Yudanto. Aliangalia zote tatu. Ile ya Jumatano aliiangalia mpaka mwisho.

"Bu," alisema, "kamera hizi tunaziangalia mimi na wewe tu."

"Najua, Pak."

"Alama zako ndizo ninazowaonyesha mameneja wale wengine wawili. Nawaambia, fanyeni kama Bu Umi."

"Basi waambie wasifanye. Andika jina langu kwenye ripoti."

"Jina lako likienda kwa mnunuzi, kiti cha meneja sitaweza kukuachia. Bu anaelewa?"

"Ukubwa jalala, Pak. Mimi ndiye mkubwa, taka zije kwangu."

Alisugua macho. Nadhani alikuwa anatafuta njia na hakuipata. Akasema nitarudi kuwa msimamizi wa msasa, pamoja na akina Yu Sukesi, na Kang Tarmuji atabaki na tanuri lake. Nikamshukuru. Kisha nikamwomba jambo moja zaidi, na hilo sikuambiwa na mtu, lilitoka kichwani mwangu mwenyewe. Kiwanda kizima kilikuwa kinasema Tarmuji ameua viti. Hata muuza kahawa wa getini alikuwa anamwita Tarmuji Nyufa. Nikaomba picha zile zionyeshwe kwenye mkutano wa wakuu wa karakana, ili kila mtu ajue kosa lilikuwa la nani.

Zikaonyeshwa. Wakuu kumi na wanne, kwenye ukuta mweupe, Kang Tarmuji akiwa kati yao. Mimi nilisimama mbele nikaeleza kila kitu kwa mdomo wangu. Sikujitetea kwa goti wala kwa alama. Nilipokaa nilijisikia mwepesi, karibu niseme nilijisikia vizuri, kama mtu aliyeoga baada ya kazi ya vumbi. Wengine walikuja kunishika mkono. Nilimtafuta Kang Tarmuji nimpe mkono. Alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake hakuja kazini. Keshokutwa yake pia. Mtu ambaye katika miaka ishirini na sita alikosa kazi mara tatu, na mara zote tatu kulikuwa na msiba.

"Kwani anaumwa?" nilimuuliza Yu Sukesi. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka ya msasa, mimi na yeye, vumbi puani, kama miaka ile.

"Haumwi."

"Sasa?"

Alinitazama kwa kuibia. "Bu, wewe una akili nyingi, lakini wakati mwingine zinakutangulia. Nenda kwake."

Nikaenda alasiri ileile. Kang Tarmuji alikuwa uani, anapiga randa mlango wa kizimba cha kuku. Mkewe alinikaribisha, akaleta chai na sahani ya horok-horok, chenga zetu za wanga, na tempe ya soya ya kukaanga, akarudi jikoni lakini si mbali sana na dirisha. Tukazungumza kuhusu mvua. Tukazungumza kuhusu kuku. Kwetu huwezi kumrukia mtu.

Mwishowe nikasema, "Kang, tanuri linakusubiri. Jina lako limeshasafishwa."

"Nggih."

Ilikuwa ndefu, na macho yalikuwa kwenye randa. Nilitaka kuendelea kueleza, jinsi ripoti ilivyoandikwa, jinsi Pak Yudanto alivyokubali. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga. Nikanywa chai. Nikaweka kikombe chini, nikamtazama tu.

Alipiga randa mara nne, tano. Kisha akaiweka.

"Watu kumi na wanne, Bu," alisema polepole. "Wameniona nimesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Ukutani, mkubwa hivi. Navua kofia, navaa kofia. Na wewe, meneja wangu, unavuliwa cheo kwa ajili yangu mbele yao. Baba yangu angekuwa hai ningemwambia nini?"

"Nilitaka kukutoa kwenye lawama."

"Lawama niliizoea. Viti vimepasuka, Tarmuji kavipasua, watu wangesahau ifikapo Lebaran, mfungo ukiisha. Hili hawatasahau."

Nilikuwa nimelibeba jambo la mtu, nikalikata, nikaliunga, nikalipeleka sokoni, na mwenyewe sikumwuliza.

"Sikukuuliza, Kang," nilisema.

"Hukuniuliza."

Hakunisamehe kwa neno lile wala hakunisukuma. Alilisema kama anavyosema ubao una maji. Kuku mmoja alipita kati yetu akadonoa maranda. Mkewe, dirishani, alikuwa ameacha kuosha vyombo.

"Na kama ningekuuliza? Kama ningekuja kwanza nikakuambia, Kang, nataka kuwaonyesha watu picha hizi, inawezekana? Ungeniambia nini?"

Alifikiri. Nilisubiri, na sikuangalia pengine popote. Niliona kona ya mdomo wake inataka kutabasamu, ikajizuia, ikashindwa.

"Ningesema nggih, Bu," alisema. "Ila ungekuwa unaniangalia."

Nililia palepale, mtu mzima, na tempe mkononi. Mkewe alidhani imenikwama kooni, akaja mbio na maji.